Kabla ya kumwogesha mbwa, soma chupa

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

SWALI la kwanza la daktari wa mifugo kwenye simu halikuhusu mbwa. Aliuliza, "Chupa imeandikwa nini?"

Niliigeuza mkononi. Ilikuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji ya kunywa, na karatasi yake ilishabanduliwa. Chini kulikuwa kumebaki kimiminika cha manjano kama mafuta ya kupikia, chenye harufu kali inayokaribia ya petroli. Kifuniko kilizibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, aina ambayo Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Hilo pekee lilitosha kuniambia kwamba chupa ile ilikuwa imevuka mto kabla ya kufika kwangu.

"Haikuandikwa kitu, daktari."

Upande wa pili kukawa kimya kidogo. Kisha akasema nisimpe mbwa maziwa, nisimpe mafuta, nisimtapishe. Nimwoshe tena kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, nimkaushe, nimfunike kwa blanketi. Yeye alikuwa anatafuta pikipiki.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi tulikuwa tumezibua mitaro, na mchana, kwa kuwa mikono ilishachafuka, nikaona ni siku nzuri ya kumsafisha Bobi. Saa moja na nusu baadaye Bobi alikuwa amelala barazani miguu minne ikiwa imetawanyika kama ya mlevi. Ukimwita anafungua jicho, hanyanyui kichwa. Masikio yake yalikuwa ya baridi. Na binti wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa amemshikilia kichwa muda wote kwa mikono mitupu, alikuwa anauliza kama Bobi anakufa.

Makala haya ni kuhusu kumsafisha mbwa nyumbani bila kumdhuru na bila kujidhuru. Wengi wetu hapa Kamembe, Bukavu ng'ambo ya pili na Bugarama huko chini, tunaosha mbwa wetu uani kwa beseni na ndoo. Mambo mengi katika kazi hiyo ni mepesi, na nitayapitia. Lakini nitaanza na chupa, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Dawa ya ng'ombe kwenye beseni la mbwa

Nyumba ninayopanga ilinijia pamoja na mbwa. Mpangaji aliyenitangulia alihamia Kigali akamwacha, na mwenye nyumba hakuwa na neno, kwani mbwa analinda. Ni mbwa wa kawaida wa kwetu, manyoya mafupi ya rangi ya udongo, mkia uliojikunja, kilo kama kumi na tano. Mvua zilipoanza akajaa kupe. Walikuwa masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Nikauliza wapi nitapata dawa, nikaelekezwa kwenye kibanda kimoja nisichokitaja, nikauziwa ile chupa.

Maelekezo yalikuwa maneno matano: vifuniko viwili kwenye ndoo, kaka. Ndoo ya lita ngapi, muuzaji hakusema, na mimi msomi wa chuo kikuu sikuuliza. Nyumbani nikatumia beseni, ambalo ni dogo kuliko ndoo. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Na kwa kuwa kupe walikuwa wengi, nikaongeza kifuniko cha tatu.

Kuelewa kwa nini dawa kama ile inauzwa hivyo, inabidi uanze kwa ng'ombe. Katika ukanda wetu wote, kuanzia Kivu hadi pwani, adui mkubwa wa mfugaji mdogo ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, ambao huua ndama na ng'ombe wa kisasa kwa siku chache. Kwa hiyo maduka ya dawa za mifugo yamejaa dawa za kuogeshea ng'ombe, na chupa zake kubwa zimepimwa kwa hesabu ya mifugo mingi. Mtu mwenye ng'ombe mmoja hawezi kununua lita nzima, mwenye mbwa ndiyo kabisa. Hapo anaingia mgawaji. Anafungua chupa kubwa, anaimimina katika chupa ndogo za maji au soda, anauza kwa bei ambayo maskini anaimudu. Sitamlaumu sana. Anajaza pengo ambalo wenye viwanda wamechelewa kulijaza, ingawa siku hizi chupa ndogo za mililita chache zenye karatasi yake kamili zipo. Tatizo ni kwamba dawa inagawanywa, lakini karatasi ya maelezo hubaki kwenye chupa kubwa.

Na ile karatasi si pambo. Dawa za kupe zinazotumika kwetu ni za jamii mbalimbali, na kila jamii hudhuru kwa njia yake. Iko amitrazi, ambayo kipimo kikizidi humlegeza mbwa. Analala, anayumba, moyo unapiga polepole, mwili unapoa, wakati mwingine anatapika. Iko jamii ya fosfati, kama klofenvinfosi, ambayo hufanya kinyume: mate na machozi yanamwagika, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inacheza, anaharisha, anapumua kwa shida. Na iko jamii ya sipemethrini na permethrini, ambayo ikizidi huleta kutetemeka na degedege. Hii ya mwisho mbwa wengi huivumilia kwa kipimo sahihi, lakini permethrini humuua paka, hata paka aliyelala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa kabla hajakauka. Mwenye mbwa na paka nyumba moja alijue hilo.

Tiba zake pia si moja. Sindano ya atropini, inayookoa maisha katika sumu ya fosfati, haishauriwi kwa mbwa aliyezidishiwa amitrazi, kwani huweza kumwongezea matatizo. Ndiyo sababu daktari aliuliza kwanza chupa imeandikwa nini. Hakuwa anatafuta wa kumlaumu, alitaka kujua abebe nini kwenye mkoba.

Alipofika ilibidi asome mwili wa mbwa badala ya karatasi. Alifungua mdomo, akatazama ufizi, akaangalia mboni, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu akihesabu kwa saa ya mkononi. Hakukuwa na mate, hakukuwa na kutetemeka. Kulikuwa na baridi, usingizi na moyo mzito. Akaniambia anaamini ni amitrazi, na kwamba kwa kuwa tumeshamwosha tena, kazi iliyobaki ni joto na uangalizi. Tukajaza chupa mbili maji ya moto, tukazifunga kwa taulo ili zisimwunguze, tukaziweka ubavuni kwake. Kila nusu saa nilimgeuza upande. Usiku huo sikulala. Alfajiri, adhana ya kwanza ilipokuwa inasomwa, Bobi alisimama, akayumba, akaenda kukojoa kwenye mgomba.

Mtoto tulimwosha mikono hadi viwiko kwa sabuni mara tu nilipokata simu, tukambadilisha nguo, na mama yake akampeleka kituo cha afya aangaliwe. Hakupatwa na kitu. Lakini dawa ile ile hupita kwenye ngozi ya mtu, na mtoto akiimeza huweza kulala usingizi kama ule wa Bobi. Chupa ya maji ya kunywa yenye dawa ya kupe ndani, ikiachwa barazani, ni mtego kwa mtoto yeyote mwenye kiu.

Unachopaswa kuona kwenye chupa

Siku tatu baadaye daktari alinionyesha chupa halali, ili nijue tofauti. Kwanza ina jina la dawa na jina la kemikali iliyomo. Hayo ni majina mawili tofauti, kwani kemikali moja huuzwa kwa majina kumi. Ina orodha ya wanyama inaowafaa. Kama mbwa hayumo kwenye orodha, dawa hiyo si ya mbwa mpaka daktari aseme vinginevyo, hata kama jirani yako ameitumia miaka yote. Ina kipimo kwa mililita na lita, si kwa vifuniko. Ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Na chini kabisa ina mkanda wa rangi ambao wengi wetu hudhani ni urembo. Mkanda mwekundu ni sumu kali sana, wa manjano ni sumu ya kati, wa bluu ni ndogo zaidi, wa kijani ni ile isiyotarajiwa kuleta madhara ikitumiwa ipasavyo.

Kuna jambo lingine niliona kwenye chupa ile, na kwa mwandishi wa masuala ya ukanda lilinigusa. Ilitoka Kenya, na maelezo yake yalikuwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili. Hapa kwetu Kiswahili kiliingizwa kwenye sheria kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Ng'ambo ya mto ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, miaka 15 baada ya Rwanda na Burundi. Mama wa Bukavu asiyejua Kiingereza na kijana wa Bugarama asiyejua Kifaransa wanaweza wote kuisoma chupa hiyo. Tunazungumza sana kuhusu ushuru na malori mpakani. Karatasi ndogo ya Kiswahili kwenye chupa ya dawa nayo ni utangamano, na pengine ndio unaofika haraka nyumbani kwa mtu.

Mikono kwanza, maji baadaye

Kabla ya maji kuna suala la nani anamshika mbwa. Mbwa anayeogeshwa ni mbwa aliyebanwa, na mbwa aliyebanwa anaweza kuuma hata mtu anayempenda. Katika nchi zetu kuumwa si jambo la kidonda tu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto, ambao ndio tunawatuma washike kamba.

Kwa hiyo chanjo inatangulia beseni. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na hapa hurudiwa kila mwaka. Kwamba inawezekana kuumaliza ugonjwa huu hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza. Kisiwani Pemba, baada ya kampeni za chanjo ya mbwa zilizoanza 2010, ugonjwa ulitoweka 2014. Ukarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 ulikuwa umekwisha kwa mara ya pili. Wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mbwa wa Kamembe na wa Bukavu wametenganishwa na mto mwembamba tu wenye madaraja, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya pande zote mbili.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata na mbwa wako mwenyewe, osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake pilipili, majivu wala petroli.

Mbwa mwenyewe azoezwe kushikwa siku ambazo hakuna kuoga. Gusa sikio, mpe kipande cha ugali. Nyanyua mguu, mpe kingine. Ukienda hivyo wiki moja au mbili, siku ya beseni haitakuwa vita. Ukimwona anageuza kichwa pembeni, analamba midomo bila chakula, anakaza mwili au anaonyesha weupe wa jicho, acha. Akinguruma usimpige. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya. Anayejulikana kuwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa laini kwa dakika chache tu, wala si wakati wa jua, maana mbwa hujipoza kwa kuhema kwa mdomo.

Na usimwite jirani akusaidie kama hujui moyo wake. Mama mtu mzima wa nyumba ya juu yangu hapiti uani kwangu kama Bobi hajafungwa. Sijamwuliza sababu na sitamwuliza. Watu wa umri wake waliona mambo mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ambapo mbwa walikula miili iliyoachwa njiani, na wengi wao wakapigwa risasi. Waandishi wa kigeni waliofika baadaye waliandika kwamba nchi ilikuwa haisikiki mbwa akibweka. Kizazi cha yule binti wa miaka tisa kinamkumbatia Bobi shingoni, na mama huyu anatazama akiwa mbali. Wote wawili wana haki uani pale.

Vivyo hivyo kwa majirani Waislamu, ambao Kamembe na Bugarama wamekuwapo vizazi na vizazi. Wengi hufuga mbwa wa ulinzi, lakini kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hivyo beseni la mbwa liwe la mbwa peke yake. Mimi nina la bluu, lenye ufa, na hakuna anayeliazima. Hata kwa asiye na dini, kuosha mbwa mwenye kupe katika beseni la vyombo si jambo la kusifia.

Siku ya kuoga

Mbwa wa manyoya mafupi hahitaji kuogeshwa kila wiki. Mara moja kwa mwezi inatosha, au akijigaragaza kwenye uchafu. Kinachomfaa zaidi ni brashi, mara mbili tatu kwa wiki, kwa kufuata manyoya yanakolala. Brashi huondoa vumbi na manyoya yaliyokufa, na inakufanya upapase mwili mzima, ndipo unagundua uvimbe, kidonda au kupe kabla hajanenepa. Mbwa wa manyoya marefu, kama hao wa Kijerumani wanaopendwa na wenye magorofa ya kando ya ziwa, achanwe kabla ya kuloweshwa, kwa sababu fundo likilowa hukaza. Fundo lisikatwe kwa mkasi bila kuingiza chanuo kati yake na ngozi. Ngozi ya mbwa ni nyepesi na huvutika ndani ya fundo, na mkasi hautofautishi.

Kamembe iko juu ya mita 1,500, na jioni ya mvua kuna baridi hasa, kwa hiyo hapa mbwa aogeshwe kabla ya saa sita mchana. Bugarama ni habari nyingine. Bonde lile ndilo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, mita 950 hivi, na joto lake huwapa kupe na viroboto neema mwaka mzima. Huko tatizo si baridi bali jua, na mbwa aliyefungwa mahali pasipo kivuli baada ya kuoga anaweza kuzidiwa na joto.

Maji yawe ya uvuguvugu, na upime kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Weka gunia au taulo kuukuu chini ya beseni, kwa sababu mbwa anayeteleza huingiwa na hofu, na hapo ndipo meno yanapotoka. Anza shingoni ukienda nyuma, uso umalizie kwa kitambaa chenye maji tu. Usimwage maji masikioni. Sikio la mbwa lina njia iliyopinda, maji hukaa ndani na kuozesha. Futa sehemu unayoiona, usiingize kijiti. Likinuka au likitoa usaha, hiyo ni kazi ya daktari.

Kuhusu sabuni, ngozi ya binadamu ina uasidi kidogo, ya mbwa haina kiasi hicho, na sabuni zetu nyingi humkausha hadi akajikuna. Sabuni ya unga ya kufulia isimguse kabisa. Kama shampuu ya mbwa haipatikani, ya watoto wachanga isiyo na manukato makali itamsogeza. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, kisha suuza tena. Mwasho mwingi ninaosikia watu wakiulalamikia ni sabuni iliyobaki.

Kwa ukurutu unaomtoa mbwa manyoya, watu wa pande zote za mpaka hupaka oili chafu ya gari. Nimeiona Bukavu, nimeiona hapa, na nimewahi kuiona Mwanza. Mbwa huilamba, nayo ni sumu. Upele huo unaletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, una aina zake, mojawapo huambukiza mtu, na una dawa yake kwa daktari.

Kupe aliyeng'ata atolewe kwa kibano, akishikwa karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu na moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa, usimminye kwa kucha, kwani damu yake inaweza kuwa na ugonjwa. Mtumbukize kwenye maji ya sabuni au spiriti. Na ukumbuke kwamba kupe anayependa mbwa anaishi pia kwenye nyufa za ukuta, ambako jike hutaga mayai kwa maelfu. Unaweza kumsafisha mbwa leo, na banda likamrudishia kupe wiki ijayo. Mimi nilimaliza tatizo la Bobi zaidi kwa kuziba nyufa za banda kwa saruji na kuchoma gunia lake la zamani kuliko kwa dawa yoyote.

Katikati ya vidole tafuta funza, ambaye hapa Rwanda hujulikana kama imvunja. Mbwa mwenye funza huwaleta hadi miguuni pa watoto. Kucha ziangaliwe hapo hapo. Mbwa anayetembea kwenye mawe huzisaga mwenyewe, ila anayefungwa mchana kutwa kucha zake hurefuka, na ule wa pembeni usiogusa chini huweza kujikunja hadi ukaingia nyamani. Ndani ya ukucha kuna mshipa wa damu. Ukucha mweupe utauona mshipa kwa rangi ya waridi, mweusi hutauona, kwa hiyo kata vipande vyembamba kama karatasi, usitafute kumaliza kwa mkupuo. Ukikosea, bonyeza unga mkavu penye damu kwa kitambaa safi kwa dakika chache.

Maji yanakokwenda

Watu wengine huona rahisi kumpeleka mbwa ziwani. Kuogelea Kivu hakuna ubaya, mbwa hufurahi, na ziwa hili halina mamba. Ubaya ni kumpaka dawa ya kupe na kumsuuzia pale pale. Sipemethrini na ndugu zake ni sumu kali mno kwa samaki, hata kwa kiasi kidogo. Na sambaza, ambao waliletwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960 na leo ndio kitoweo na ajira ya wavuvi wa Nkombo hadi Bukavu, huja kula karibu na ufukwe.

Maji ya beseni nayo yana safari. Kamembe imejengwa kwenye miteremko, na unachokimwaga kwenye mtaro huenda ziwani au kwenye mto Rusizi, unaotoka Kivu hapa hapa chini ya macho yetu, ukapita kati ya Rwanda, Kongo na Burundi, ukaishia Tanganyika. Daktari alinishauri nimwage maji yenye dawa kwenye shimo la udongo mbali na kisima, mtaro na bustani ya mboga, na chupa tupu niitoboe ili asije mtu akaikingia maji ya kunywa.

Ile chupa yangu isiyo na jina daktari aliondoka nayo. Jumamosi moja baadaye nilinunua ndogo, iliyofungwa kiwandani, yenye picha ya mbwa. Kabla sijaifungua nilimpa binti wa mwenye nyumba, ambaye anajifunza Kiswahili shuleni, aisome kwa sauti. Alijikwaa kwenye neno "mililita", akalirudia, akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa glavu. Basi tukaenda kununua glavu, na yeye akasoma kutoka kibarazani, mbali na beseni, huku mimi nikipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Bobi akiona beseni la bluu bado hukimbilia chini ya tangi la maji. Simvuti. Ninakaa chini na kipande cha ugali, ninamngoja.